Paratene Kowhatu na Chupa Zenye Uso wa Bibi

Ndugu wa Waimutu, ndugu wa pwani, wageni mliotoka mjini Napier na magari yenu ya farasi, Mchungaji, na wewe kaka yangu uliyelala hapo kibarazani: siku ya tatu ya msiba imefika, na mimi Huhana, dada yake wa pekee, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujamzika.

Kwenye karatasi ya ibada aliyoipigisha chapa wifi yangu Arihia kuna aya tano nzuri sana. Nimezisoma. Kama ningekuwa simjui mtu huyo, ningempenda. Lakini kwetu marehemu hasengenywi pembeni. Anaambiwa usoni, akiwa bado hajafunikwa, kwa sababu akishaingia ardhini hatuna ruhusa tena ya kumwekea kinyongo. Jana baba mdogo Hohepa alinivuta kando akaniambia, "Huhana mwanangu, ya marehemu yaache." Nikamwambia, "Baba mdogo, niyaache wapi? Yeye ndiye aliyeniachia mimi."

Halafu kuna jambo linasubiri. Marehemu aliomba kwa kinywa chake, mbele ya Arihia na mbele yangu, azikwe ubavuni mwa Bibi Pirihira aliyemlea. Makaburi ya ukoo yako mikononi mwangu tangu Bibi alipofariki. Vijana wa kuchimba wamekaa pale ukutani na majembe yao tangu asubuhi, hawajui waende wapi, kwa sababu sijawaambia. Nitawaambia nikimaliza kusoma.

Paratene Kowhatu alizaliwa tarehe 9 Februari 1864, hapahapa Waimutu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Tiopira Kowhatu na marehemu Mereaira. Mjukuu wa kwanza ni wa bibi, hilo halina mjadala, kwa hiyo alipoachishwa ziwa tu akahamia nyumbani kwa Bibi Pirihira, mama yake baba. Baba alifia vitani mwaka 1868. Mama akamfuata kwa homa mwaka uliofuata, nami nikiwa na miaka miwili nikawekwa kwenye mkeka uleule wa Bibi. Tangu hapo Bibi ndiye aliyekuwa baba, mama na daktari wetu.

Wakubwa hapa wanamkumbuka. Alikuwa anatibu tumbo la kuhara kwa jani la koromiko, lile lililojaa kando ya mto mpaka mbuzi wamelichoka. Anachuma ncha changa tu, zile ambazo bado zimefumba. Mbili kwa mtoto, nne kwa mtu mzima. Anaomba kwanza, ndipo anachuma, kisha unatafuna mbele yake na makapi yanarudishwa mtoni. Hapokei kitu. Ukimletea samaki, mkunga wa kukausha, anakuambia, "Peleka kwa watoto wako, mimi sijauza." Paratene alianza kumfuata mtoni akiwa na miaka sita, na akiwa na kumi alikuwa anajua majani kuliko watu wazima.

Mwaka niliotimiza miaka mitano niliharisha mpaka nikashindwa kusimama. Bibi alikuwa ameitwa kijiji cha pili. Paratene akaenda mwenyewe, akaomba, akachuma, akarudi nazo kiganjani. Nikazikataa, nilijua ni chungu. Akatafuna la kwanza yeye. Akajikaza, macho yakamtoka machozi, akasema, "Tamu, dada! Tamu kuliko asali." Nikatafuna. Ooh! Nikamtemea usoni, yeye anacheka mpaka ameanguka. Huo ndio uongo wa kwanza aliowahi kuniambia, na uliniponya.

Mwaka 1872 aliingia shule ya kijiji. Mwalimu alikuwa anawachapa viganja kwa kusema lugha yetu, lakini Paratene alikamata Kiingereza haraka, hakuchapwa mara nyingi. Mimi sikupelekwa. Kila jioni alikuwa anarudi na kuniandikia herufi kwenye majivu ya jikoni kwa kijiti. Mnaniona hapa nasoma karatasi bila kukwama, basi mjue ni yeye aliyenifundisha. Kuanzia 1879 mpaka 1881 alisoma shule ya bweni ya kanisa, na mwalimu wake mkuu aliandika kwamba ni kijana mwenye akili nyingi na kauli ya kupendeza. Kauli alikuwa nayo, sibishi.

Januari 1883 aliajiriwa Napier kwenye duka la dawa la Bwana Orpwood. Alianza kwa kuosha chupa, akapanda hadi kuchanganya dawa.

Vijana hamjui miaka ile ilivyokuwa. Dawa za chupa zilikuwa zimeingia kila nyumba. Mashambani kwa Wazungu wa kondoo daktari yuko mwendo wa siku mbili, na akifika anaweza kukuua vilevile, kwa hiyo kila mke ana rafu yake: vidonge vya ini, maji ya kusafisha damu, mafuta ya kila maumivu. Na Wazungu walikuwa wanapenda sana chupa iliyoandikwa kwamba ndani yake kuna mimea. Walikuwa wanaogopa kemikali za daktari, jani hawaliogopi. Gazeti lilikuwa nusu habari, nusu barua za watu wanaosema walikuwa wameshakata roho, wakanywa chupa mbili, leo wanakata kuni. Hata nyumbani kwa Mchungaji zilikuwepo. Usiangalie chini, Mchungaji, mimi nilikuwa nafua kwako.

Paratene akaona. Kama Wazungu wanataka jani, sisi tunalo la kweli. Mwaka 1891 alikuja hapa na mpiga picha. Akamwambia Bibi, "Nataka picha yako ya kutundika ndani ya nyumba ya ukoo siku utakapotutoka, ukae ukutani pamoja na wakubwa wenzako." Bibi akakubali. Alivaa joho lake la manyoya ya ndege, akachana nywele, akakaa kimya mbele ya mashine ile, na ile michoro aliyochanjwa kidevuni tangu ujana ikatoka vizuri mpaka mstari wa mwisho. Fundi akapiga msumari ukutani kabisa, tayari kwa picha.

Mwaka 1892 chupa iitwayo Dawa ya Bibi ikaanza kuuzwa dukani kwa Bwana Orpwood. Mwanzoni jani lilikuwemo, nasema hivyo kwa haki. Tulikuwa tunachuma wenyewe, magunia kwa magunia, mkokoteni unapeleka Napier, na Bibi alikuwa anaomba kabla hatujaanza. Aliamini jani linakwenda kuwatibu watu wa mbali wasioweza kufika kwake. Alikuwa anasema, "Mtoto wangu amenirefushia mikono."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Bibi aliitwa Wairoa kumtibu mpishi wa hoteli. Alipotoka kwa mlango wa nyuma akapita jalalani. Katikati ya matumbo ya samaki na vichwa vya kuku akaona chupa, na kwenye chupa akajiona mwenyewe, na joho lake.

Kwetu kichwa ni mwiko. Kichwa hakikaribiani na chakula, hakirukwi, hakiwekwi palipo na miguu ya mtu. Kichwa cha mzee kama yule ndiyo usiseme. Bibi aliifunga chupa ile kwenye shali akaja nayo nyumbani bila kusema na mtu, akamsubiri Paratene mpaka Krismasi. Alipofika tu, kabla hata ya kupewa maji:

"Paratene, hii ni nini?"

"Dawa yako hiyo, Bibi! Siku hizi inafika mpaka Auckland."

"Sijakuuliza dawa. Nakuuliza kichwa changu kinafanya nini jalalani."

"Wazungu hawana mwiko huo, Bibi. Kwao ni heshima. Hata Malkia wao yumo kwenye stempu, wanamlamba mgongo kila siku."

"Basi kamlambeni Malkia. Mimi sikumpa mtu ruhusa."

Tulicheka, tusiseme uongo. Hata yeye Bibi alicheka kidogo. Halafu akamsomesha tangazo la gazeti kwa sauti: dawa inatibu tumbo, ini, kukosa usingizi, watoto wanaoota meno na wanaume waliochoka. Bibi akasema, "Wanaume waliochoka? Nimemtibu nani uchovu mimi? Mwanamume akichoka namwambia alale." Paratene akapiga magoti, akaahidi lebo itabadilishwa zikichapishwa nyingine. Bibi akamshika shavu. Alimwamini, na mimi nilimwamini.

Lebo haikubadilishwa. Mwaka baada ya mwaka Bibi akawa anazunguka mahotelini, kwenye kambi za wakata manyoya ya kondoo, nyuma ya maduka, akiokota chupa tupu. Analowesha lebo kwenye beseni mpaka inabanduka, anaikausha, anaihifadhi. Zikijaa kisanduku, anakizika makaburini kwa sala. Mwanamke wa miaka sabini anajizika mwenyewe kidogokidogo, na mjukuu wake yuko Napier anachapisha nyingine.

Tarehe 17 Aprili 1894 marehemu alifunga ndoa na Arihia, binti wa watu wa pwani, kanisani Napier. Walijaliwa Horiana na Teone. Wifi yangu ni mwanamke mwema, na sijawahi kugombana naye. Nyumba yao ilikuwa na vioo vinne mbele na bustani ya maua ya waridi. Bibi alialikwa harusini akaenda na mikunga ya kukausha kapu zima, akawekwa meza ya mbele, na Wazungu walikuwa wanakuja kumwangalia kwa sababu wanamjua sura.

Mwaka 1898 magunia yakasimamishwa. Barua ya Paratene ilisema wamepata koromiko karibu na mji, tusijisumbue tena. Migongo ilikuwa inatuuma, tukashukuru. Mimi ndiye niliyeisoma barua ile kwa sauti hapa uwanjani, na sikuuliza swali hata moja.

Halafu ikaja sheria ya mwaka 1907, ile ya kuwakataza waganga wetu. Mwanzoni mwa 1908 konstebo akaja mpaka mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, ukimpa mtu jani tena itabidi nikupeleke mahakamani."

"Na yule wa kwenye chupa?" Bibi akamuuliza.

"Yule anauzwa dukani, mama. Yule hana kesi."

"Yule ni mimi."

Konstebo akaitazama chupa kwenye beseni, akamtazama Bibi, akasema, "Mimi nimetumwa tu, mama," akaondoka.

Bibi akanituma nimwandikie Paratene aje amsemee kwa hakimu. Yeye ndiye mwenye kauli, Wazungu wanamjua. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili pamoja na kasha la chupa kumi na mbili. Aliandika: "Sheria ni sheria. Kwa sasa ni heri watu wetu watumie chupa." Bibi akaamuru kasha lirudishwe. Likarudishwa na chupa kumi na moja. Moja niliificha mimi. Niliifunga kitambaa ili uso wa Bibi usiangalie masufuria, nikaitundika juu kabisa ya ukuta, mbali na chakula. Niliona nimemheshimu.

Februari 1909 binti yangu wa mwisho, Ripeka, wa miaka minne, alishikwa na tumbo. Bibi alikuwa Wairoa anaokota chupa zake. Mto uko hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu na koromiko imejaa. Lakini konstebo alikuwa amepita wiki ile, na mimi nikajiambia: jani ni lilelile, limekamuliwa na kaka yangu kwa akili za dukani, na uso ni wa Bibi. Nikashusha chupa. Kijiko kimoja kama ilivyoandikwa. Mtoto akaacha kulia. Nikamshukuru kaka yangu kwa sauti, majirani walisikia. Mchana nikampa cha pili akalala. Alasiri nikaenda kumwamsha ale viazi.

Alhamisi ile sitaisoma zaidi ya hapo.

Mwezi wa Machi nilikwenda Napier kwa miguu na kwa mkokoteni. Nilimkuta chumba cha nyuma cha duka, mikono ya shati imekunjwa.

"Kaka, nitakuuliza mara moja tu. Jani limo?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Lilikuwemo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka gunia la mwisho." Akajifuta mikono. "Jani linachacha, Huhana. Chupa zilikuwa zinapasuka njiani. Afyuni haichachi. Afyuni, pombe kali, na sukari ya kuunguza kwa ajili ya rangi."

"Na ile barua ya koromiko ya karibu na mji?"

Akaanza kukunjua mikono ya shati. Kisha akasema, "Nilijua nyinyi hamtazinywa. Nyinyi mna Bibi."

"Bibi tulikatazwa, Paratene! Na wewe ndiye uliyetuandikia tunywe chupa!"

Akakaa chini sakafuni, mtu mzima na saa yake ya mnyororo. Mimi nikaondoka. Nilipomweleza Bibi hakulia. Aliendelea kubandua lebo iliyokuwa mkononi, akasema, "Kumbe hata jani hakulichukua. Amechukua uso tu."

Bibi Pirihira alifariki tarehe 22 Julai 1910. Watu walikuja kutoka milimani mpaka pwani. Marehemu hakuja. Alituma maua ya kununua ndani ya bakuli la kioo. Msumari ule ukutani ukabaki mtupu, kwa sababu ile picha tuliyoahidiwa alikuwa nayo yeye dukani, na sisi hatukuwa na nyingine isipokuwa zile tulizokuwa tunaziokota jalalani.

Mwezi Juni mwaka huu tumbo lilimshika. Madaktari wa Napier walisema ni uvimbe, hauna dawa. Tarehe 20 Septemba Arihia alimleta kwa gari la farasi, amebaki mifupa, na kwenye blanketi alikuwa amekumbatia kitu. Ilikuwa ile picha. Mnaiona pale kichwani pa jeneza. Nimeigeuza mimi, imtazame yeye.

Nilimpokea. Ni kaka yangu, ningempeleka wapi? Lakini siku ya kwanza alipolia tumbo nilichukua chupa yenye uso wa Bibi na kijiko, nikaviweka mbele yake. Akageukia ukutani.

"Siyo hiyo, dada."

"Kwani hii ina nini? Imeandikwa hapa: tumbo, ini, wanaume waliochoka. Wewe si umechoka?"

"Siyo hiyo, Huhana. Nichumie."

Nilikaa namwangalia kwa muda ambao dada hapaswi kukaa. Nilitaka alie kidogo zaidi. Nalisema mbele yenu, mnisamehe au msinisamehe. Kisha nikashuka mtoni, nikaomba, nikachuma ncha nne zilizofumba. Hakuwa na nguvu ya kutafuna la kwanza bila kuonyeshwa, akawa ananiangalia kama mtoto. Nikatafuna mimi, nikajikaza, nikamwambia, "Tamu, kaka."

Akacheka, machozi yanamtoka. "Muongo wewe," akasema.

Nilimchumia kila siku mpaka mwisho. Uvimbe haukujali jani, lakini tumbo lilimtulia akawa analala. Hakuniomba radhi kwa maneno. Aliomba nafasi tu, ile ya ubavuni mwa Bibi. Paratene Kowhatu alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 1913, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Ameacha mke, Arihia. Watoto wawili, Horiana na Teone. Dada mmoja, ambaye ni mimi. Baba mdogo Hohepa. Na chupa ambazo duka la Bwana Orpwood bado linaziuza leo hii. Mwenye nayo nyumbani aimwage, aniletee lebo. Beseni la Bibi lipo pale langoni pa makaburi, tutakaponawia mikono tukitoka.

Sasa nyinyi wenye majembe, simameni. Ubavu wa kulia wa Bibi yuko babu yetu. Wa kushoto yuko Ripeka wangu. Bibi mwenyewe alisema, "Nizikeni kwa mtoto, asilale peke yake." Kwa hiyo kaka, ubavuni hakuna nafasi. Uliijaza mwenyewe.

Chimbeni upande wa chini wa kaburi la Ripeka. Kichwa cha kaka yangu kiwe miguuni pa mtoto.

Msigune. Najua nilichosema, na yeye alipo anajua nimesema nini. Baba mdogo, kaa chini. Ameomba kuwa karibu na Bibi, nimempa. Pale alipo Ripeka, Bibi hayuko mbali.

Nenda, kaka. Nenda kwa wakubwa. Kaburi tumekuchimbia sisi. Amani kamwombe Bibi mwenyewe.